Saksofoni Haigeuzi Wimbo Kuwa Jazi

Wiki iliyopita nimetumiwa wimbo mwingine. "Kaka, hii ni chakacha nimeichanganya na jazi, naomba unitilie besi." Nikausikiliza mara mbili. Chakacha, ngoma yetu ya pwani, ipo kama ilivyo, ngoma zake zipo kama zilivyo, na juu yake saksofoni inalia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Basi, huo ndio mchanganyiko wenyewe. Hii ni mara ya nne tangu mwaka uanze, na kila mmoja anakuja na imani ile ile: tia saksofoni, ongeza kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) mbili tatu zenye noti ya saba, jazi imeshaingia.

Haijaingia. Saksofoni ilisajiliwa Paris mwaka 1846, zamani sana kabla jazi haijazaliwa New Orleans, na wapulizaji wetu wa dansi wameipuliza miaka na miaka katika nyimbo ambazo jazi haimo hata chembe. Na tafadhali, usiniletee hoja ya majina. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, na kule ng'ambo ya ziwa OK Jazz ya Franco: neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa. Walichokuwa wanapiga kwa sehemu kubwa ni rumba, waliyoisikia kwenye santuri za GV, mfululizo wa kampuni ya HMV, zilizobeba muziki wa Kuba hadi huku kwetu. Ni muziki ninaoupenda kuliko wowote, lakini jina lisikudanganye.

Kuchanganya kunaanzia chini, kwenye mapigo. Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo watu wanaporuka.

Chukua Kuba na New York. Mario Bauzá, mpiga tarumbeta wa Havana, alikaa safu moja na mpiga tarumbeta wa jazi Dizzy Gillespie katika okestra ya Cab Calloway. Gillespie alipotaka mpiga tumba, ile ngoma ya Kuba ya kupigwa kwa mikono, Bauzá ndiye aliyemkutanisha na Mkuba mwenzake Chano Pozo, na mwaka 1947 wakapanda pamoja jukwaani Carnegie Hall. Pozo hakuwa anasoma noti. Alichokuja nacho ni klave, iliyomkaa mwilini.

Klave ni mapigo matano ya vijiti ndani ya vipimo viwili (kipimo ni fungu moja la mapigo linalojirudia). Gawa vipimo hivyo viwili katika vipande 16, kisha gonga cha 1, cha 4, cha 7, cha 11 na cha 13. Kipimo kimoja kina mapigo matatu, kingine kina mawili. Piga mezani sasa hivi, usisome tu. Utasikia upande wa tatu unavuta na upande wa mbili unatuliza. Ghani, tarumbeta, piano na besi vyote vinakaa kufuata pande hizo. Jazi haina sheria hiyo. Jazi inahesabu moja mbili tatu nne, na noti zake mbili ndani ya pigo moja hazilingani: ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Hiyo ndiyo swingi. Mpiga tumba wa Kuba anazilinganisha, au karibu sana na hapo. Mpe mpiga dramu wa swingi sahani yake ya kugonga, mweke huyo wa tumba pembeni yake, usiwape maelekezo yoyote, na hapo ndipo kitumbua kinapoingia mchanga.

Vitabu vinasema noti ndefu ya swingi ni mara mbili ya ile fupi. Si kweli, ama si kweli kila wakati. Wimbo ukienda kasi, noti hizo zinakaribia kulingana, na kila mpiga dramu ana uwiano wake. Mimi nimepiga besi karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na bado siku nyingine nafika mazoezini nikiwa sina hakika niegemee wapi. Naegemea mguu wa mpiga dramu, nautazama.

Sikiliza Manteca, wimbo wa Gillespie na Pozo waliourekodi Desemba 1947. Mwanzo ni wa Pozo: besi inarudia neno lake, vyombo vya kupuliza vinaingia tabaka juu ya tabaka, kodi haziendi popote. Katikati Gillespie akaweka sehemu yake ya vipimo 16, kodi zinaanza kutembea na bendi inaelekea kwenye swingi. Mshono unasikika. Kuna siku nauona kama kasoro, kuna siku nauona ndio utamu wenyewe, kwa sababu wawili wale hawakujifanya kwamba wanazungumza lugha moja.

Sasa besi. Besi ya jazi inatembea: noti moja kila pigo. Besi ya Kuba inaliacha pigo la 1 wazi. Inagonga nusu ya pili ya pigo la 2, kisha pigo la 4, na noti hiyo ya pigo la 4 tayari ni ya kodi inayofuata. Huwezi kupiga zote mbili kwa wakati mmoja. Lazima uchague nani anamfuata nani, na kwa vipimo vingapi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa kijana, katika bendi ya hoteli, niliongeza kipimo kimoja ili mpiga solo apate nafasi ya kumalizia. Saba badala ya sita, nikaona si kitu. Mzee wetu wa tumba akaondoa mikono kwenye ngozi, akaiweka magotini, akaniangalia hadi wimbo ulipokwisha. "Mwanangu, umetuacha ng'ambo moja, wewe umevuka." Vipimo vya klave vinakwenda jozi jozi. Ukiongeza kimoja, upande wa tatu unakaa mahali pa upande wa mbili, na kila aliye juu yake anapiga kinyume. Wapangaji wazuri wa Kuba wanaweza kuweka kipimo hicho cha ziada kwa makusudi, lakini klave yenyewe haigeuki. Wimbo ndio unaogeuka juu yake.

Je, klave imo katika dansi letu? Zamani ningekujibu imo kila mahali. Siku hizi nakataa. Zipo nyimbo za zamani ambazo ukiigonga inakaa barabara, na zipo ambazo gitaa la rizimu na besi vimefungamana bila upande wowote, ugeuze utakavyo hapana anayeumia.

Habari ya skeli, yaani ngazi ya noti za wimbo, naipitia haraka. Mulatu Astatke wa Ethiopia alisoma Uingereza na Boston, akakuta skeli za kwao zina noti tano. Anchihoye, kwa mfano: C, D♭, F, G♭ na A. Tia chini yake kodi ya C yenye saba kubwa, yaani E, G na B zimeingia bila kualikwa, na anchihoye imekufa. Kwa taarab ni vigumu zaidi, kwa sababu maqam (skeli ya Kiarabu) ya rast ina noti inayokaa kati ya E♭ na E. Udi unaifikia. Kinanda cha kawaida kitachagua mojawapo, na mwimbaji ataonekana yeye ndiye anayekosea.

Yule kijana wa chakacha nilimpigia, tukazungumza dakika arobaini. Nilimwambia ana bahati ambayo hajaiona. Chakacha ni sita kwa nane, mapigo mawili makubwa, kila moja lina tatu ndani. Swingi nayo inaishi jirani kabisa na tatu hizo. Vipimo viwili vya chakacha vinampa mpiga besi mapigo manne ya kutembea, noti moja juu ya kila pigo kubwa, na ngoma ya vumi haihitaji kusogea hata kidogo. Nikamwambia aitoe saksofoni, aanze na hayo.

Jana usiku kanitumia tena. Saksofoni haimo, besi kaigonga mwenyewe kwenye kinanda. Noti ya tatu inawahi kila inapozunguka, inamkimbia mpiga ngoma ya chapuo. Jumamosi anakuja, nami nitakuwa na besi mkononi.