"Piga windo tu": yanayosemwa kuhusu spika 5.1 kwenye Linux

Mwezi wa saba Uyole, Mbeya, huwa na baridi ya kuuma masikio. Mwenye kibanda umiza (kibanda cha kuonyeshea filamu) mmoja wa huko alinijia Mwanjelwa kavaa makoti mawili, laptopu kaifungia katikati kama mtoto mchanga. "Fundi, spika za nyuma zimenisusa." Ana sabufa ya spika tano. Mafundi wawili aliowapitia walikuwa wamempa dawa moja: huo mfumo wake wa kompyuta, Linux, hauna sauti, piga windo tu, yaani weka Windows badala yake. Hakupiga. Wateja humletea filamu kwenye flashi za kila aina, na tangu ahamie Linux virusi vya flashi vimeacha kumsumbua.

Hiyo "piga windo" nimeisikia Mbeya, Makambako, na Iringa mjini pia. Mara nyingi ugonjwa hauko huko. Sauti ya 5.1 ni chaneli sita, yaani mikondo sita ya sauti, tano za spika na moja ya sabufa, zinazosafiri kutoka kwenye faili, kupitia programu, mfumo, tundu na waya, mpaka kwenye spika. Zikibanwa zikawa mbili mahali popote njiani, mbele ya hapo zitabaki mbili. Kazi ni kutafuta zilipobanwa.

"Linux haiwezi chaneli sita"

Inaweza, na si jambo la leo. ALSA, sehemu inayozungumza na kadi ya sauti (kile kipande cha kompyuta kinachotoa sauti), imo ndani ya keneli, yaani kiini, cha Linux tangu toleo la 2.6 la Desemba 2003. Juu yake siku hizi hukaa PipeWire, au PulseAudio kwenye mifumo ya zamani kidogo, na kazi yake ni kupokea sauti za programu mbalimbali na kuzipeleka zinakotakiwa. Zote zinazijua chaneli sita, hata nane.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

speaker-test -c 6 -t wav

Utasikia mtu akitaja spika moja moja kwa Kiingereza: "Front Left", "Rear Right" na nyinginezo. Usiridhike kwamba kuna kinacholia. Sikiliza jina linatokea wapi. Kwa yule wa Uyole, "Rear Left" ilitajwa vizuri kabisa, ila ilitokea spika ya mbele kushoto. Mfumo ulipokea chaneli sita, ukakuta mlango wa kutokea ni wa mbili, ukazikoroga pamoja ili zipite. Hapo hakuna kilichokufa, si kadi wala spika.

"Spika zipo tano na sabufa, basi zitalia zote"

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lile tundu moja la hedifoni kwenye laptopu za siku hizi lina migusano minne: kushoto, kulia, ardhi na maiki. Basi. Chaneli mbili za kutoka, haijalishi umeweka mfumo gani. Kompyuta ya mezani yenye 5.1 huwa na matundu matatu ya kutolea sauti, kila moja likibeba chaneli mbili: la kijani ni spika za mbele, jeusi ni za nyuma, la rangi ya chungwa ni spika ya kati pamoja na sabufa. Ukichomeka ile waya ya kugawa tundu moja kuwa mawili, unapata nakala mbili za sauti ileile. Ni kama kumimina chai ya kikombe kimoja kwenye vikombe viwili ukitegemea cha pili kiwe kahawa.

Sasa geuza sabufa uangalie mgongoni. Ukikuta tundu jekundu na jeupe tu, hiyo ni mashine ya chaneli mbili hata kama boksi limeandikwa 5.1 kwa herufi za dhahabu. Spika za nyuma zinapewa nakala ya za mbele. Ukikuta matundu sita yenye alama kama FL na FR (mbele kushoto na kulia), SL na SR (za nyuma), CEN (ya kati) na SW (sabufa), hiyo inapokea sita kweli. Ya yule bwana ilikuwa na sita, manne yamejaa vumbi jekundu, hayajawahi kuguswa. Alikuwa amechomeka mawili ya mbele, kwa waya iliyotoka kwenye tundu la hedifoni.

Dawa yake ni kadi ya sauti ya nje, ya USB, yenye matundu ya 5.1. Kadi nyingi za aina hii Linux inazitambua bila kuweka draiva, ile programu ya kuendeshea kifaa. Lakini fungua macho dukani: kuna vile vidude vidogo kama flashi vimeandikwa 7.1 ubavuni, vina tundu moja la hedifoni na moja la maiki. Hesabu matundu, usisome maandishi.

Na ukishaunganisha, ukasikia waigizaji wanaongea kutoka kwenye sabufa kama watu waliofungiwa ndani ya pipa, ujue waya ya kati na ya sabufa zimepishana. Zibadilishe.

"Ukichomeka tu, itajijua"

Haijijui. Mara nyingi Linux huanza na mpangilio wa stereo, yaani chaneli mbili, kwa kuwa ndio salama kwa kila mtu. Weka programu ya pavucontrol, nenda ukurasa wa "Configuration", tafuta kadi yako, kisha chagua "Analog Surround 5.1 Output". Nimeona mtu akiweka mfumo upya mara mbili, bando limekwisha, kumbe hajawahi kuufungua ukurasa huo.

Ukiwa hapohapo andika alsamixer kwenye terminali, bonyeza F6 uchague kadi. Safu yenye MM chini imezimwa; isogelee ubonyeze M. Mara nyingine "Surround" na "Center" zimelala hivyo tangu siku ya kwanza.

"HDMI inamaliza kila kitu"

HDMI, ile waya ya kupeleka picha na sauti kwenye televisheni, inabeba chaneli nane bila jasho. Tatizo ni aliyeko upande wa pili. Televisheni ikichomekwa huiambia laptopu inapokea sauti za aina gani, na nyingi husema mbili tu, kwa sababu zenyewe zina spika mbili. Ndiyo maana "Digital Surround 5.1 (HDMI)" inaweza isionekane kabisa kwenye orodha, mtu akadhani Linux imeificha. HDMI inafaa kama inaingia kwenye risiva ya 5.1 (mashine inayopokea sauti na kuendesha spika) moja kwa moja.

Waya ya mwanga (optical) nayo ina mpaka wake: sauti ambayo data yake haijakandamizwa inapita chaneli mbili tu. Ili sita zipite lazima data yake iwe imekandamizwa, kwa mfano kwa Dolby Digital au DTS, na sabufa iwe na uwezo wa kuzifungua.

"Bluetooth itafanya kazi hiyohiyo bila nyaya"

Haifanyi. Sauti ya kawaida ya muziki kwa Bluetooth ni stereo.

"Ikiandika Dummy Output, kadi imekufa"

Jina hilo hutokea mahali pa jina la kadi, na maana yake PipeWire (au PulseAudio) haijaona kadi yoyote ya kutolea sauti. Kwenye laptopu kadhaa za Intel za miaka ya karibuni sababu ni faili za SOF, zinazohitajika na kadi ya sauti ili ifanye kazi, ambazo hazijawekwa. Debian, aina mojawapo ya Linux, huziita firmware-sof-signed. Ziweke, zima, washa. Kabla ya hapo andika aplay -l uone kama kuna kadi inayoorodheshwa. Kama ipo na sauti imeganda tu, jaribu hii kwanza:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

"Mvumo kwenye spika ni wa Linux"

Chomoa chaja. Mvumo ukinyamaza hapohapo, ni umeme: laptopu na sabufa zimekutana kwenye ardhi mbili tofauti kupitia ile waya ya sauti. Jaribu kuchomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, au weka kifaa cha kutenganisha ardhi kwenye waya ya sauti. Usikate pini ya ardhi ya plagi, hata kama jirani yako alifanya hivyo na bado mzima.

Ule mlio wa "pu!" kabla ya kila wimbo ni jambo lingine. Kadi inajizima ili kuokoa betri, kisha inashtuka usingizini. Mstari options snd_hda_intel power_save=0 ndani ya faili jipya kwenye /etc/modprobe.d/ huiacha macho, kama kadi ni ile ya ndani ya laptopu.

"Filamu yenyewe ni 5.1, imeandikwa kwenye jina"

Yule bwana alirudi Uyole na kadi yake ya USB na nyaya tatu. Jioni akanipigia, nyuma ya sauti yake vijana wanashangilia: mvua ya kwenye filamu inanyesha mgongoni mwao. Siku mbili baadaye simu tena, sauti imebadilika. "Fundi, zimesusa tena."

Nikamuuliza anaonyesha nini. Filamu iliyotafsiriwa, ya kwenye flashi ya mteja. Nikamwambia afungue VLC, programu ya kuchezea filamu, aicheze, kisha abonyeze Ctrl na J asome mstari wa chaneli. Kwenye ile ya mvua, akasema, palikuwa na maandishi ya ajabu, 3F2R/LFE: tatu mbele, mbili nyuma, na sabufa. Kwenye hii?

Akakaa kimya kidogo. "Imeandika Stereo."

"Basi huyo mtafsiri ndiye wa kumdai."

Akacheka, akaniambia wateja wa benchi la nyuma wamekwishaanza kusogea mbele.