Slaidi arobaini, badiliko moja: anza na slaidi mama

Juni ikikaribia kwisha na mwaka wa fedha wa serikali kufungwa, kuna ofisi nyingi za Nairobi ambako utamkuta mtu saa moja jioni bado anahamisha nembo kutoka kona ya kulia kwenda ya kushoto, slaidi baada ya slaidi. Anarudia kazi ileile mara arobaini. PowerPoint ingemfanyia kwa dakika moja, lau faili lingejengwa vizuri tangu mwanzo.

Fungua menyu ya View, kisha ubofye Slide Master. Upande wa kushoto utaona slaidi moja kubwa juu, na nyingine ndogo zimepangwa chini yake. Ile kubwa mimi huiita slaidi mama. Hizo ndogo ni mipangilio: ya jalada, ya kichwa na maandishi, ya safu mbili na kadhalika. Nembo iweke kwa mama. Kwenye kitufe cha Fonts, chagua Customize Fonts uteue fonti ya vichwa na ya maandishi. Kwenye Colors weka rangi za kampuni. Funga kwa Close Master View. Tangu hapo, ukibadilisha kitu kwa mama, watoto wote wanafuata.

Wengi hufika hapa, wakajaribu, wakaona nusu ya slaidi hazijabadilika, wakakata tamaa. Sababu karibu kila mara ni moja: maandishi yamo ndani ya visanduku vilivyochorwa kwa mkono kupitia Text Box, si vile vya mpangilio vinavyokuambia “Click to add title”. Kisanduku cha kuchora hakina mama. Kukigundua ni rahisi: nenda View, bofya Outline View. Slaidi ambayo kwenye skrini imejaa maneno, lakini hapo inaonekana tupu, ndiyo mgonjwa wako. Ipe mpangilio unaofaa kupitia Layout, kata maandishi, bofya kulia ndani ya kisanduku halali na ubandike kwa Keep Text Only. Na kama mtu alivuta kichwa kikaenda upande au akakipaka rangi yake, kitufe cha Reset kwenye Home kinarudisha kila kitu mahali pake.

Tatizo la pili huingia kupitia slaidi za kuazima. Mwenzako wa idara ya mauzo anakutumia slaidi tano, unazibandika kwa Keep Source Formatting kwa sababu zinapendeza zilivyo. Zinakuja na mama yao. Wenzako wanne wakifanya hivyo, faili lina mama watano, na ukibadilisha mmoja, wale wengine hawana habari. Bandika kwa Use Destination Theme, hata kama itabidi unyooshe jedwali moja au mawili.

Kuhusu uzito: picha za simu huwa kubwa mno, na Gmail haikuruhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25. Hifadhi nakala kwanza. Bofya picha yoyote, nenda Picture Format, halafu Compress Pictures. Ondoa alama kwenye “Apply only to this picture”, acha ile ya kufuta sehemu zilizokatwa, uchague ppi 150 (yaani pikseli 150 kwa inchi), ambayo kwa projekta inatosha kabisa. Nakala ni lazima kwa sababu sehemu ya picha ikishafutwa hivyo, hairudi.

Kama utatumia kompyuta ya ukumbini, pitia File, Options, Save na uweke alama kwenye “Embed fonts in the file”. Usipofanya hivyo na fonti yako haimo kwenye mashine ile, itawekwa nyingine pana zaidi au nyembamba zaidi, na mistari itakatika vibaya.

Mbele ya watu, vitufe vitatu vinatosha. Shift+F5 huanzia slaidi uliyopo, badala ya kukurudisha mwanzo. B hufanya skrini iwe nyeusi mnapotaka kujadiliana. Ibonyeze tena irudi. Na mkurugenzi akiomba kuona tena bajeti iliyo kwenye slaidi ya 17, usirudi nyuma ukizipitia zote huku kila mtu akisubiri. Andika 17, bonyeza Enter.