Gari Lenye Mawasiliano si Gari Linalojiendesha

Kwa mara ya tatu katika muda mfupi nimesikia redioni taarifa kuhusu ushirikiano wa watafiti na watunga sera wa Ulaya katika usalama wa magari ya kizazi kipya, na kwa mara ya tatu mtangazaji amewaambia wasikilizaji wake kwamba miradi hiyo inahusu "magari yaliyounganishwa yanayojiendesha". Sidhani kwamba amekosea kwa uzembe. Amefasiri neno kwa neno alichokiona mezani, akakidondosha kiunganishi kimoja kidogo, na kwa kukidondosha amefanya vitu viwili kuwa kimoja. Tamko ambalo mawaziri wa uchukuzi wa Umoja wa Ulaya walilikubali mjini Amsterdam mwezi Aprili 2016 linazungumzia uendeshaji wenye mawasiliano *na* wa kiotomatiki, na ile "na" haikuwekwa pale kwa ajili ya kupamba sentensi.

Maana yenyewe ni fupi. Gari lenye mawasiliano ni gari linalopeleka na kupokea taarifa nje ya bodi lake, iwe kwa magari mengine, kwa taa za barabarani, kwa minara ya simu au kwa kompyuta za kampuni iliyolitengeneza. Gari lenye uendeshaji otomatiki ni gari ambalo mfumo uliomo ndani yake unafanya, kwa muda mfululizo, sehemu ya kazi ya dereva au kazi hiyo yote. Gari linaweza kuwa na sifa ya kwanza bila ya pili, ya pili bila ya kwanza, likawa nazo zote mbili, au lisiwe na hata moja.

Tuanze na "kuunganishwa", kwa kuwa neno hilo limeshapata kazi nyingine katika lugha yetu. Kiwanda cha kuunganisha magari, kama vile vya Thika na Mombasa, ni mahali ambapo vipande vya gari vilivyoletwa kwenye makasha hufungwa pamoja hadi gari likamilike. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapokutana na "magari yaliyounganishwa" ana haki kamili ya kufikiria magari yaliyofungwa bolti nchini badala ya kuagizwa yakiwa kamili, na mwingine ana haki ya kufikiria lori na tela lake. Hakuna kati yao atakayefikiria ujumbe wa redio unaotoka kwenye gari moja kwenda jingine. "Gari lenye mawasiliano" ni refu zaidi, nakubali, lakini linasema linachotaka kusema.

Na mawasiliano hayo hayahitaji gari kuwa na akili yoyote ya kujiongoza. Tangu tarehe 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari dogo inayoidhinishwa katika Umoja wa Ulaya inatakiwa kuwa na kifaa ambacho, ajali kubwa ikitokea, hupiga chenyewe namba ya dharura 112 na kueleza gari lilipo. Gari hilo lina mawasiliano, ingawa usukani unashikwa na binadamu kuanzia safari inapoanza hadi mwisho. Huku kwetu pia, mabasi ya mikoani nchini Tanzania yamefungwa vifaa vinavyoipelekea mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, taarifa za mahali basi lilipo na mwendo wake. Abiria wa Dar es Salaam hadi Mwanza amekwisha kupanda gari lenye mawasiliano, na hakuna aliyemwambia kwamba basi lake linajiendesha.

Kuna aina nyingine ya mawasiliano ambayo ndiyo hasa watafiti wa usalama wanaishughulikia: ya gari kwa gari, na ya gari kwa barabara. Katika masafa ya redio yaliyo karibu na gigahezi 5.9, gari hutangaza mahali lilipo, mwendo wake, upande linakoelekea na kama limefunga breki, hadi mara 10 kwa sekunde, na magari yaliyo ndani ya mamia kadhaa ya mita hupokea. Faida yake ni kuona pasipoonekana: gari la tatu mbele yako likifunga breki ghafla nyuma ya lori, dereva wako anapata onyo kabla jicho lake halijaona taa nyekundu. Kila ujumbe huwekwa sahihi ya kidijitali ili mhuni asiweze kutangaza ajali isiyokuwapo, na vitambulisho vinavyotumika hubadilishwa mara kwa mara ili mwenye gari asifuatiliwe anakokwenda. Haya ni masuala ya masafa, ya faragha na ya uaminifu wa taarifa. Hayahusu swali la nani anashika usukani.

Hatari zake pia ni za aina yake. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wangeweza kuingia kupitia mtandao wa simu katika Jeep Cherokee iliyokuwa barabarani na kukifanya kikanyagio cha mafuta kisifanye kazi ikiwa mwendoni, wao wenyewe wakiwa wameketi mbali. Kampuni iliyolitengeneza gari hilo iliita magari yapatayo milioni 1.4 yarekebishwe. Jeep hiyo haikuwa na otomatiki ya kuzungumzia. Ilikuwa gari la kawaida lenye mlango uliofunguliwa kwenye intaneti, na anayewaza kwamba hatari ya magari haya huanza pale dereva anapoachia usukani hataona tukio la namna hii linakotokea.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi zaidi, "linalojiendesha", na naomba nivumiliwe nilichambue polepole.

Kitenzi ni *enda*. Kikaongezwa usababishi kikawa *endesha*, yaani kufanya kitu kiende. Kikapachikwa *-ji-*, kiambishi kinachoonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Kwa maana ya herufi, basi, gari linalojiendesha ni gari linalojifanya liende. Lakini hilo ndilo jambo la kwanza ambalo gari la injini lilisifiwa nalo! Neno *gari* tulilipata kutoka lugha za Bara Hindi, nalo lilikuwa chombo cha magurudumu kinachokokotwa, kama tunavyosema bado gari la punda na gari la ng'ombe. Ulaya ya karne ya 19 ilipopata chombo kisichohitaji mnyama, Wafaransa walikiita *automobile*, kwa kuunga *autos* ya Kigiriki, yaani "chenyewe", na neno la Kilatini lenye maana ya "chenye kwenda". Kila gari lililowahi kupita barabara ya Morogoro bila ng'ombe mbele yake linajiendesha kwa maana hiyo. Tunachotaka kukisema leo si kwamba gari linakwenda lenyewe, bali kwamba linaongozwa bila mtu, na maneno hayo mawili si ndugu wa karibu.

Isitoshe, *kujiendesha* kumebeba maana nyingine katika magazeti yetu. Shirika linalojiendesha ni shirika lisilotegemea ruzuku ya serikali. Neno hilo limeshikamana na kujitegemea, na hapo ndipo linapokwenda kinyume kabisa na magari tunayoyazungumzia. Kigiriki cha kale kilikuwa na maneno mawili yanayofanana sura: *automatos*, kinachotenda kwa msukumo wake chenyewe, na *autonomos*, kinachojiwekea sheria, kama ulivyokuwa mji usiotawaliwa na mji mwingine. Otomatiki tuliyoikopa imetokana na la kwanza. La pili ni uhuru wa kujitawala. Gari linaloambiwa na taa ya barabarani lipunguze mwendo, linalopokea ramani kutoka kwenye kompyuta za mbali na linalongoja gari jirani lilitangazie nia yake, haliwezi kuitwa huru kwa maana hiyo. Kadiri linavyozidi kuwa na mawasiliano ndivyo linavyozidi kuwategemea wengine. Waraka J3016 wa chama cha wahandisi wa magari, SAE, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 na kupitiwa upya hadi 2021, unasema jambo hili waziwazi: mfumo unaotegemea mawasiliano na vyombo vya nje uitwe wa kushirikiana, usiitwe huru. Waraka huo huo unashauri kuachana na maneno kama "gari lisilo na dereva" kwa kuwa kila mtu huyatumia kwa namna yake.

Wengi wanaunukuu waraka huo kwa ajili ya zile ngazi zake sita za otomatiki, kuanzia 0 hadi 5, na wengi wanaamini kwamba ngazi hupanda kwa wingi wa vifaa. Mpaka wenye maana uko kati ya ngazi ya 2 na ya 3, nao umechorwa kwenye swali moja: nani anatazama barabara? Kwenye ngazi ya 2 mfumo unashika usukani, unaongeza mwendo na kufunga breki, lakini mtu ndiye anayetazama na ndiye dereva, hata kama mikono yake imepumzika. Kwenye ngazi ya 3 mfumo ndio unaotazama, na mtu anatakiwa tu kuwa tayari kurudishiwa kazi akiitwa. Kwenye ngazi ya 4 mfumo hauhitaji kumwita mtu, ilimradi gari libaki katika maeneo na hali ambazo mfumo uliandaliwa kwa ajili yake. Ngazi ya 5 haina mipaka hiyo.

Watu wa pwani hawapaswi kupata shida kuuelewa mpaka huu. Neno *usukani* lenyewe lilitoka chomboni kabla ya kuingia garini, kutoka Kiarabu *sukkan*. Kwenye jahazi aliyeshika usukani ni mmoja na nahodha ni mwingine. Nahodha anaweza kukaa bila kuugusa usukani usiku kucha, na bado chombo kikipanda mwamba ataulizwa yeye. Ngazi ya 2 ni mshika usukani hodari asiye nahodha. Kulisema gari la namna hiyo kuwa "linajiendesha" ni kumwambia nahodha aende kulala.

Watu wamekufa ndani ya kosa hili la maneno. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Vihisi vya gari vilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, lakini mfumo haukutambua kwamba ni mtembea kwa miguu. Ndani alikuwamo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutazama barabara, naye alikuwa akitazama simu. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani iliutaja usimamizi huo uliokosekana kuwa chanzo, na ikailaumu pia kampuni kwa utaratibu duni wa usalama. Desemba 2023, kampuni ya Tesla iliita magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani kwa sababu vidhibiti vya mfumo wake unaoitwa Autopilot, yaani "rubani otomatiki", huenda visingetosha kuhakikisha kwamba dereva anaendelea kuwa makini. Huo ni mfumo wa ngazi ya 2, wenye jina linalosikika kama la ngazi ya juu zaidi.

Ndiyo maana watunga sheria, wakishauriwa na watafiti, wameishia kugombana na maneno kabla ya kugusa mitambo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulisema kila gari linalokwenda liwe na dereva. Ilibidi kuingizwa kifungu kipya, kilichoanza kutumika Julai 2022, kinachohesabu kwamba sharti hilo limetimizwa pale mfumo ulioidhinishwa kisheria unapoendesha. Mwezi Juni 2020 jukwaa la Umoja wa Mataifa la kanuni za magari, huko Geneva, lilipitisha kanuni ya mfumo otomatiki wa kushika njia kwenye barabara kuu hadi kilomita 60 kwa saa, na kando yake zikapitishwa kanuni nyingine mbili, za ulinzi wa mtandao na za kusasisha programu za gari. Zilitenganishwa kwa sababu zinashughulikia mambo mawili: moja ni otomatiki, nyingine zimeletwa na mawasiliano.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Tume mbili za sheria, ya England na Wales na ile ya Scotland, zilikusanya maoni kwa miaka mitatu hivi, zikatoa ripoti Januari 2022, na sheria ikapitishwa Mei 2024. Kwa mujibu wake gari linahesabiwa linajiendesha pale tu ambapo linaongozwa na mfumo na hakuna mtu anayelisimamia wala kutazama mazingira yake kwa nia ya kuingilia kati mara moja. Anayelitangaza sokoni gari lisilofikia kipimo hicho kana kwamba limekifikia anaweza kushtakiwa. Na lililonivutia kuliko yote ni kwamba sheria inadai kila gari lililoidhinishwa liwe na kampuni inayowajibika kwa mwenendo wake barabarani. Ile *-ji-* yetu, inayomfanya mtenda na mtendwa kuwa kitu kimoja, inamficha mwajibikaji huyo: ukisema gari limejiendesha likagonga, umeshaiondoa kampuni kwenye sentensi.

Sidai kwamba *linalojiendesha* lifutwe. Limeshazoeleka, na kwa gari la ngazi ya 4 linavumilika. Kwa mtangazaji wangu ningependekeza tu aseme "magari yenye mawasiliano na magari yenye uendeshaji otomatiki", hata kama pumzi itamwishia kidogo, na asiiache ile "na". Na anayeniambia kwamba gari lake jipya linajiendesha kwa sababu linashika njia na kupunguza mwendo lenyewe, nitamwomba afungue kijitabu kilichokuja nalo asome mahali kinapomwagiza aendelee kutazama barabara. Akikuta agizo hilo, basi dereva bado ni yeye.