Kuhamia pwani ukubwani: malaria haiangalii umri

Huku Mbeya ukisema unataka kuhamia Tanga au Mtwara ukigonga miaka 50, utaambiwa: “Nenda tu, malaria ni ya watoto.” Si kweli. Mtu mzima wa Mtwara mara nyingi hazidiwi nayo kirahisi kwa sababu ameumwa na mbu tangu utotoni, mwili ukajenga kinga kiasi. Wewe uliyekulia Uyole, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, kinga hiyo huna. (Wa Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, hayo hayawahusu sana, mbu mnawajua.) Hivyo kabla ya kuuliza bei ya kiwanja, angalia madimbwi ya jirani, nyavu za madirishani, na zahanati inayopima malaria usiku.