Panya dume: muuaji leo, mlezi wiki tatu baadaye

Tumezoea kusema mtoto wa nyoka ni nyoka, kana kwamba habari ya silika inaishia hapo.

Dhana: Silika haibadiliki.
Mtazame panya dume wa maabara ambaye bado hajapanda jike. Mwekee vitoto visivyo vyake; mara nyingi huving'ata mpaka vife. Akishapanda, zikapita wiki kama tatu, yaani muda uleule wa mimba ya jike, dume huyohuyo huviokota kwa mdomo, huvirudisha kiotani, huvilamba na kuvilalia. Nani kamfundisha? Hakuna. Mwaka 2014 maabara ya Catherine Dulac, Chuo Kikuu cha Harvard, ilionyesha kuwa malezi haya yanategemea seli za neva zenye kemikali ya galanini, zilizo upande wa mbele wa haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini. Dume ambaye hajapanda, seli hizo zikiamshwa kwa mwanga (baada ya kutiwa protini inayoitikia mwanga), huacha kushambulia. Kwa jike, zikiharibiwa, ulezi nao huvurugika. Muuaji na mlezi wamo katika kichwa kimoja, basi.

Pua nayo ina neno. Madume wasiohisi harufu fulani kupitia kiungo maalumu kilicho puani hawaui vitoto. Huvilea hata kabla ya kupanda.

Dhana: Ubongo una swichi ya hasira na swichi ya mapenzi, mbali mbali.
Mwaka 2011 Dayu Lin, David Anderson na wenzao waliamsha kwa mwanga seli za eneo jingine la haipothalamasi, na dume akashambulia hata glavu iliyojazwa hewa. (Masikini glavu!) Ungesema swichi imepatikana. Kumbe katika eneo hilohilo zimo pia seli zinazochangamka wakati wa kujamiiana, na dume akiwa juu ya jike, zile za ugomvi hunyamazishwa. Wakati huo hata ukimmulikia mwanga, ni vigumu kumgombanisha.

Dhana: Oksitosini ndiyo homoni ya mapenzi.
Sifa hii ilitokana kwa kiasi kikubwa na panya wa mbuga za Marekani Kaskazini, ambao dume na jike huishi kama mume na mke. Mwaka 2023 watafiti waliwafutia baadhi yao jeni ya kipokezi cha oksitosini, yaani kile kinachoiwezesha seli kuipokea homoni hiyo. Wakaoana vilevile.