Homa ukiwa Havana: maswali na majibu kuhusu hospitali, viza na "mali iliyotaifishwa"

Maswali haya yanatoka kwa vijana wetu wanaosomea udaktari Cuba na kwa wazazi wao. Nayajibu kwa pamoja, maana nimechoka kusikia kijana mwenye homa ya siku ya nne amejifungia bwenini kwa kuogopa kwamba akitibiwa kwenye hospitali iliyotaifishwa, sheria ya Marekani itamnyima viza ya kuingia huko.

Sheria yenyewe ni ipi?
Helms-Burton, ya Machi 12, 1996. Inahusu mali ambazo serikali ya Cuba ilizitwaa kuanzia Januari 1, 1959 bila kuzirudisha wala kulipa fidia ya kutosha. Kwa tafsiri ya sheria, "mali" ni karibu kila kitu: ardhi, mitambo, hisa, hata alama za biashara. Sehemu ya tatu inawaruhusu Wamarekani wenye madai kuwashtaki wanaonufaika na mali hizo; marais walikuwa wakiisimamisha hadi Mei 2, 2019. Sehemu ya nne ndiyo ya viza: inawazuia wageni wanaonufaika na mali hizo kuingia Marekani, na ndiyo inayowakosesha usingizi.

Nikitibiwa kwenye jengo lililotaifishwa, nimeshavunja sheria?
Hapana. Ni kweli neno "kutumia" limo kwenye tafsiri ya sheria ya vitendo vinavyohesabiwa kosa, pamoja na kuuza, kukodi na kusimamia, na uvumi umeanzia hapo. Walioanzisha uvumi hawakusoma mpaka chini. Tafsiri hiyohiyo inaondoa matumizi yanayoambatana na safari halali ya Cuba, kwa kadiri safari inavyoyahitaji. Inaowatafuta ni watu kama wakubwa wa Sherritt, kampuni ya Kanada iliyokuwa ikichimba nikeli Cuba, waliozuiwa kuingia Marekani mwaka 1996. Wewe una dripu mkononi, huna mgodi.

Si bora nisubiri, nikatibiwe nyumbani likizo?
Hapana, usisubiri. Hata huyo mwekezaji aliyefungiwa mlango, sheria inaruhusu aingie Marekani kwa sababu za matibabu, kila ombi likiamuliwa peke yake. Sasa wewe ambaye hukufungiwa unajinyima daktari wa mtaa wa pili?

Homa si malaria tu? Nimekuja na dawa mseto.
Hii tabia ya kumeza dawa mseto kila mwili ukichemka iacheni. Cuba haina malaria ya kienyeji. Shirika la Afya Duniani lililithibitisha hilo mwaka 1973. Ina mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza dengue. Kama umetoka nyumbani majuzi, mwambie daktari ili akupime na malaria, lakini apime yeye. Usijipime kwa hisia.

Kijana mmoja alinitumia picha ya pakiti ya diklofenaki, vidonge sita vimeshatoka, akiuliza kama aongeze. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza hatari ya kuvuja damu ukiwa na dengue. Meza paracetamol kwa kipimo chake, kunywa maji mengi, nenda hospitali.

Homa imeshuka. Bado niende?
Ndiyo! Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Hatari ya dengue huja homa inaposhuka, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, na saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za kuangalia. Tumbo kuuma sana, kutapika bila kukoma, damu kwenye fizi unapopiga mswaki, kupumua kwa shida, kulegea au kuhangaika: ukiona hata moja, ondoka sasa hivi. Usingoje asubuhi wala mtihani uishe.

Mwanangu anasema amepoa, ila analala tu na hataki kula. Nifanye nini nikiwa Dodoma?
Mama, usimwache alale. Mpigie simu mpaka apokee, kisha mtafute mwenzake wa chumba ampeleke hospitali leo. Akianza habari za viza, mwambie mtazungumza akishapimwa damu.

Nibebe nini?
Pasipoti, kitambulisho cha chuo, na pakiti ya kila dawa uliyomeza, hata ile diklofenaki unayoona haya kuitaja. Hati ya kiwanja cha hospitali hakuna atakayekuuliza.