Sauti ya Mwalimu Inapokauka

Jumatatu sauti iko sawa, Alhamisi inakwaruza. Kwa nini?

Ndani ya zoloto, kile kifundo kinachopanda ukimeza mate, mna nyuzi mbili za sauti. Mwanamume akiongea hugongana takriban mara 120 kwa sekunde. Za mwanamke, ambazo ni fupi, karibu mara 200. Ukipaza sauti zinagongana kwa nguvu zaidi, na vipindi sita kwa siku vinatosha kuzivimbisha. Wikendi uvimbe unashuka. Muhula baada ya muhula, huweza kuota vijinundu pale zinapogongana sana, na walimu wa kike ndio huvipata zaidi.

Tangawizi na asali je?

Zinaliwaza koo, basi. Unachomeza hupita kwenye umio bila kugusa nyuzi hizo, kingezigusa ungepaliwa. Hata maji huzisaidia yakishaenea mwilini, kwa hiyo chupa nzima dakika tano kabla ya somo ni kazi bure. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Kinachozifikia moja kwa moja ni mvuke: dakika 5 hadi 10, maji ya moto matupu, bakuli likiwa mezani, si mapajani.

Mvua ya alasiri ikipiga mabati, kama ilivyo kawaida Kakamega?

Usishindane nayo, hutaishinda. Kuwa na zoezi tayari la kuandika ubaoni, kisha nyamaza. Kuwatuliza wanafunzi, piga makofi matatu. Nakuru wakati wa kiangazi, futa ubao kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la nje linatosha bila la chaki. Na usifundishe ukiutazama ubao: sauti inaishia ukutani, nawe unaanza kupayuka.

Ninong'one ili niipumzishe?

Hapana. Kunong'ona kwa nguvu hukaza zoloto. Sema polepole kwa sauti ya chini, au unyamaze kabisa.

Kuna zoezi lolote?

Lipo, na ni rahisi. Tia maji nusu glasi, zamisha mrija sentimita 2 hadi 3, kisha toa "uuu" ndefu kupitia mrija huku mapovu yakichemka. Fanya dakika 3 hadi 5 kabla ya kipindi cha kwanza. Shinikizo linalorudi kutoka majini huzifanya nyuzi zitetemeke bila kugongana sana. Mapovu yakitoka bila sauti, unapuliza tu. Koo likiuma, mrija umezama mno.

Niende hospitali lini?

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3. Usingoje muda huo ukiwa unakohoa damu, unashindwa kumeza, una uvimbe shingoni au unavuta sigara. Ukivuta pumzi kwa mlio, nenda siku hiyo hiyo. Usijinunulie antibiotiki dukani: sauti iliyopotea kwa mafua kwa kawaida ni kazi ya virusi. Omba rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo, ambako huingiza kamera nyembamba kupitia puani na kuzitazama nyuzi zenyewe. Vijinundu vingi hupungua kwa mazoezi ya sauti, kwa hiyo ukiambiwa upasuaji kwanza, uliza sababu.